Watoto 71 waliandika "analudi"

Nianze na aibu yangu kabisa tusizungushane. Ilikuwa Ijumaa, darasa la pili, kipindi cha mwisho kabla ya uji, nikawapa imla. Sentensi tano tu, nimeziandika kwenye kikaratasi, kila moja naisoma mara tatu, ya kwanza wanasikiliza penseli zikiwa chini, ya pili wanaandika, ya tatu wanakagua. Sentensi ya tatu ilikuwa Baba anarudi nyumbani jioni. Rahisi hiyo, wala haina mtego. Nikakusanya madaftari nikayafunga na kanga nikapanda nayo bodaboda kama mtu anayehama, usiku nikakaa kusahihisha kwa tochi ya simu maana umeme ulishakatika.

Daftari la kwanza, Baba analudi nyumbani jioni. Mkasi. La pili, analudi. Mkasi. La tatu anarudi, vema. La nne analudi, la tano analudi, la sita huyu kaandika "Bababa nalu" akaishia hapo, la saba analudi. Ikafika mahali nikaacha kusahihisha nikaanza kuhesabu tu kwa hasira. Waliokuwepo siku ile walikuwa 88, na 71 kati yao wameandika analudi. Nikajiambia hawa wameangaliziana, dawati moja wanakaa wanne, mmoja kakosea wenzake wamefuata mkia. Jumatatu nikaingia na sura ya Jumatatu, nikaandika ANARUDI ubaoni kwa herufi kubwa, kila aliyekosa arudie mara tano.

Sasa darasa langu na la jirani tunatenganishwa na ukuta ambao haujafika juu, mwalimu wa kule anasikia kila ninachosema na mi nasikia kila anachosema. Mapumziko akanifuata anacheka mpaka anashika mlango.

"Madam, hebu niambie, baba anafanya nini jioni?"

Nikamwambia.

"Rudia."

Nikarudia.

"Haya, sasa hapo hao watoto wamekosea nini?"

Mi ni Msukuma wa Kwimba. Kisukuma hakina r. Nimesoma mpaka chuo cha ualimu, r naijua nikiiona, nikiandika siikosi (mara nyingi, tutafika huko), ila nikiongea haraka mdomo unaenda kwao. Nilisimama mbele ya watoto 88 nikasema analudi mara tatu, kwa sauti kubwa, taratibu, ili wasikie vizuri. Wakasikia vizuri. Wakaandika walichosikia, bila kosa hata moja. Alafu nikawapiga mikasi 71 na adhabu juu.

Nimekuwa nikiifikiria ile siku miaka yote hii, na ndo maana naandika.

Kila mtu anayezungumzia Kiswahili lazima akwambie kinaandikwa kama kinavyosemwa. Chuoni tuliambiwa hivyo, kwenye semina tunaambiwa hivyo, na ni kweli kabisa, a ni a popote utakapoikuta, haibadiliki kuwa kitu kingine ikikaa karibu na e. Ndo maana mtoto wa Kitanzania akishazielewa silabi anaweza kukusomea neno ambalo hajui hata maana yake. Bibi yangu alisoma ngumbaru, zile shule za watu wazima za miaka ya sabini, alikuwa anaanza jikoni kusoma barua ya mjomba kwa kukata kata, ni-na-ku-sa-li-mu, mpaka maji ya ugali yanachemka hajamaliza, lakini alikuwa anafika mwisho na anaelewa. Sio kila lugha inakupa hiyo zawadi. Ila swali ambalo hakuna semina niliyowahi kulisikia ni moja. Kama kinavyosemwa na nani?

Maana kuna nani. Mwaka 1928 watu walikaa Mombasa wakaamua kwamba Kiswahili cha vitabu na cha shule kitafuata Kiunguja, na 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi hizi za Afrika Mashariki kusimamia vitabu viandikwe kwa tahajia moja. Hata Kimvita chenyewe, cha hapohapo Mombasa, na mashairi yake yote kiliachwa pembeni, sembuse Kiswahili cha Kwimba. Kabla ya hapo watu wa pwani walikuwa wanaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu ambazo alama zake za irabu ni tatu tu na sisi tunazo tano, kwa hiyo msomaji alitakiwa ajue mwenyewe kama ni i au e. Herufi za kirumi zikamaliza hilo tatizo. Mi sina ugomvi na uamuzi ule, lazima wangechagua mahali. Lakini maana yake ni kwamba mtoto wangu huku Geita akiandika imla anaandika mdomo wa mtu wa Unguja ambaye hajawahi kumuona wala kumsikia, anausikia kupitia kwa mwalimu, na mwalimu ndo mimi.

Yule mwalimu aliyenicheka asijione. Yeye Mkurya wa Tarime, na Kikurya kina matatizo ya upande wa pili, r wanayo ya kutosha, l ndo hamna. Mi mwaka wa uchaguzi natangaza kwamba tukapige kula, yeye saa sita mchana anawaita wenzake twende tukure. Tukiunganishwa wawili tunatoa Kiswahili fasaha kimoja.

Baada ya ile aibu nikafanya kitu ambacho nilipaswa kukifanya tangu nimeanza kazi, nikaacha kuhesabu mikasi nikaanza kuyasoma makosa yenyewe. Sio kusahihisha, kusoma, kama unavyosoma barua. Nikachukua daftari kuukuu upande mmoja naandika neno nililosema upande wa pili nilichoandikiwa. Wiki tatu tu nikaona kwamba hawa watoto hawakosei ovyo, kila kosa lina kwao.

Mfano mutu. Mutoto, mutu, mukate, musitu. Nilikuwa naona ni uzembe, mtoto kaongeza u ya nini. Sasa mtoto ametoka kwenye nyumba ambayo mtu anaitwa munhu, u imekaa pale wazi inasikika, anakuja shule anaambiwa mtu, na yeye sikio lake linamwambia haiwezekani konsonanti mbili zikae zimegandana hivyo bila irabu katikati, anamsaidia mwalimu, anaweka u. Wakongo wanasema mutu na mutoto kila siku na maisha yanaenda. Kwa hiyo hapo adhabu ya mara tano haifanyi kitu, kinachofanya kazi ni makofi. Tunapiga silabi. Ba-ba, makofi mawili. M-tu, makofi mawili, hiyo m peke yake inapata kofi lake kamili, mdomo umefungwa, mmm, kofi. Mtoto akishaelewa kwamba m inaweza kusimama yenyewe bila kubebwa na irabu, ile u inadondoka yenyewe wala huhitaji kumfokea mtu.

Alafu hapo hapo ukishafurahi kwamba wameelewa anatokea mmoja anakuharibia. Kuna katoto kamoja, kadogo kanakaa dawati la mbele, kamekuja na swali: madam mbuzi makofi mangapi? Mawili, mbu-zi. Na mbwa? Nikapiga, m-bwa, mawili. Akaniangalia. Akasema mbona kwenye mbuzi ile m haikupata kofi lake? Darasa kimya, hata wale wa nyuma ambao huwa wanachonga penseli kipindi kizima walisimamisha viwembe. Nikamwambia nitamjibu kesho, nikaenda kukaa nalo. Ni kwamba neno fupi kama mbwa, mbu, nge, nchi, ukiondoa ile m au n ya mbele linabaki na silabi moja tu, na Kiswahili kinataka mkazo ukae kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ile m inalazimika kuwa silabi ili mkazo upate pa kukaa. Mbuzi tayari anazo mbili, m yake inajibanza tu kwenye b. Nilimjibu kesho yake kwamba mbwa ni mfupi kwa hiyo m inasimama ili aonekane mrefu. Akaridhika. Mi ndo sikuridhika, miaka yote nafundisha silabi na sikuwahi kujiuliza.

Ng' ilikuwa tofauti, hapo ndo tulikuwa mabingwa. Walimu waliotoka pwani wanahangaika kuwafundisha watoto sauti ya ng' na sisi huku majina yetu yenyewe yanaanza na Ng'wana, mtoto anaitamka kabla hajaota meno. Shida sio sauti, shida ni ile alama juu. Wanaisahau, au wanaiweka popote, nilishapata n'gombe, ngo'mbe, na mmoja aliweka mwishoni kabisa, ngombe', kama amekumbuka wakati anafunga daftari. Nikawaambia hiyo ni pembe. Ng'ombe ana pembe, na pembe inakaa kichwani, haikai mkiani wala mgongoni. Nikachora ng'ombe ubaoni (nachora vibaya, walisema ni mbwa) nikampa pembe moja baada ya ng. Tangu hapo nikiandika kwa makusudi ngombe bila alama darasa zima linapiga kelele "hana pembeee". Tatizo likabaki kwa ng'oa na ng'ara, maana watoto wakauliza hizo nazo zina pembe kwa nini. Nikasema wameazima.

Mambo ya dh na th na gh siwezi kusema nimeyaweza. Huku ni machimboni, mtoto anapita kila asubuhi mbele ya kibao kimeandikwa kwa rangi nyekundu TUNANUNUA ZAHABU, kibao kikubwa kuliko ubao wangu, na mwenye kibao ana gari, mi nina baiskeli. Nikimwambia mtoto ni dhahabu, ulimi utoke katikati ya meno kidogo, wote wanatoa ndimi wanachekana na kipindi kimeisha. Nimeamua zile naziacha ziingie kwa macho, maneno yale tunayaandika kwenye kadi tunabandika ukutani, dhahabu, dhambi, thamani, ghafla, lugha, wayaone mpaka wayachoke. Sikio lake halitamsaidia hapo maana nyumbani hakuna anayesema hivyo, asubiri jicho.

Kitu ambacho nakipigania kufa na kupona ni irabu mbili. Hapo sikubali. Ukisema anarudi au analudi baba atafika nyumbani vilevile, lakini kukata na kukataa ni mambo mawili, kufa na kufaa ndo usiseme. Mtoto mmoja aliniandikia insha fupi ya familia, "Mama alimpikia babu uji babu akakata". Nikamuuliza alikata nini. Akasema alikata uji. Nikamuuliza kwa kisu? Akacheka mwenyewe akaenda kuongeza a. Hiyo ndo njia, umuonyeshe sentensi yake inasema nini, akiona picha ya babu anakata uji na kisu hasahau tena. Ningepiga mkasi angefikiri namuonea.

Nimesema nimeanza muda mrefu, nieleze kidogo mazingira maana kuna watu wataniuliza muda wa kusoma makosa ya kila mtoto unatoka wapi. Swali zuri. Mzee wangu alikuwa mwalimu wa UPE, wale waliokusanywa baada ya Azimio la Musoma la 1974 nchi ilipotaka watoto wote waende shule, kamaliza la saba akapewa mafunzo hukohuko kazini akawekwa mbele ya darasa. Alikuwa anafundisha chini ya mwembe, watoto wanaandika ardhini kwa vijiti, imla inafutwa kwa mguu. Nilidhani hizo ni stori za zamani mpaka Januari 2016 elimu bila malipo ilipoanza, asubuhi moja nikakuta watoto wamejaa mpaka kwenye madirisha. Furaha na kizunguzungu kwa pamoja. Mwaka mmoja nyuma ndo darasa la kwanza na la pili walikuwa wamepunguziwa masomo wakabaki na KKK, kusoma kuandika kuhesabu, na tukaambiwa tuache kuimba majina ya herufi a, be, che, de, tufundishe sauti zenyewe. Hilo lilisaidia kuliko watu wanavyojua. Ukimwambia mtoto hii inaitwa "em" na hii "te" anakuandikia nini ukimwambia mtu? Lakini ukimwambia hii ni mmm, imeisha.

Kwa hiyo muda hautoki popote, hamna muda. Ninachofanya ni kwamba sisahihishi imla za watoto wote kwa undani, kila wiki nachagua safu mbili za madawati nazisoma vizuri, wengine wanabadilishana madaftari wanasahihishana huku jibu liko ubaoni. Ikifika mwisho wa mwezi kila mtoto nimemsoma angalau mara moja. Mthibiti ubora mmoja alipokuja alitaka kuona vema na mikasi kwenye kila ukurasa, nikamuonyesha daftari langu la makosa, akalifungua, akasoma kurasa mbili tatu, akacheka kwenye "babu akakata", akalifunga akaendelea kutafuta vema na mikasi.

Nina binti yangu nimempeleka English medium mjini, msinihukumu, baba yake ndo alitaka. Kila Alhamisi anakuja na maneno kumi ya speling ya kukariri. Namaanisha kukariri, kwa sababu hakuna njia nyingine. Tunakaa mezani ananitajia, one, tunaandika o-n-e, ananiuliza w iko wapi, namwambia haipo, ananiuliza sasa tunaitoa wapi. Siku nyingine ikaja knife. "Mama hii k inafanya nini hapa?" Nikamwambia imekaa tu. Baadaye nikaja kusoma kwamba zamani Waingereza walikuwa wanaitamka ile k kabisa, wakaacha kuitamka ila mkono haukuacha kuiandika. Nikamwambia binti kwamba anaandika midomo ya watu waliokufa karne nyingi. Akasema ndo maana hawajibu ukiwauliza.

Na pale nikakumbuka watoto wangu wa analudi. Binti yangu anaandika midomo ya marehemu wa Uingereza, wao wanaandika mdomo wa Unguja. Tofauti ni kwamba Unguja ipo, ina redio, ina watu, na kwenye darasa langu kulikuwa na mtoto wa kike ambaye wazazi wake walitoka Tanga kuja kufanya mama lishe machimboni, anaongea Kiswahili kama maji. Kwa nini nilikuwa nasoma imla mwenyewe?

Nikaanza kumpa yeye asome. Mara ya kwanza alisoma haraka kama anakimbizwa, nikamfundisha kusimama kwenye nukta. Sasa hivi yule ameshafika la tano, lakini kila mwaka natafuta mdomo mwingine, safari hii nina kakijana kutoka mkoa wa Mara kwa maneno ya r na mi nasoma ya l, tumegawana kama mtu na shemeji yake wanavyogawana zamu ya maji. Na simu nayo, naweka taarifa ya habari wanasikiliza nusu dakika nazima tunaandika tulichosikia.

Ila kabla sijamaliza niseme na hili la simu, maana wazazi kwenye grupu la WhatsApp la shule wanalalamika kwamba watoto wanaharibiwa na meseji, xaxa, cjui, 2taonana. Wiki iliyopita mtoto wa la nne kaniandikia kwenye imla "Cjui njia ya kwenda sokoni". Nikamuuliza kwa nini c. Akasema madam c inatamkwa si, nimeokoa herufi moja. Huyo mtoto anajua jina la herufi kwa Kiingereza na sauti yake kwa Kiswahili na anajua kuzibadilishia kazi, huyo wa kumhurumia sio yeye. Nilimwambia kwenye simu okoa herufi, kwenye daftari la mwalimu hazina bei. Na wale wazazi wanaolalamika ndo wanaoandika "ni takuja kesho kuli pa hela ya uji", maneno yamepasuliwa kama kuni.

Mwezi huu nimeongeza utaratibu mwingine. Kakijana kakisoma imla na mi nakaa dawati la nyuma naandika pamoja na darasa, kwenye daftari langu, kwa penseli. Tukimaliza nabadilishana na jirani yangu wa dawati kama wengine wote. Juzi sentensi ya nne ilikuwa Kaka ni mrefu kuliko dada, na mi katika kuogopa kwangu l miaka yote hii, nikijilinda nisije nikaandika mlefu, r nikaziweka mpaka pasipohitajika, nikaandika kuriko. Nilipata 4 kati ya 5. Jirani yangu aliomba kalamu nyekundu, akapiga mkasi mkubwa uliovuka mistari mitatu, akanirudishia daftari kwa mikono miwili kwa adabu zote, akaniambia madam, andika mara tano.